Mlima Uko Wazi, Weka Kumi na Sita

Wiki iliyopita mjukuu wangu Nasieku alirudi kutoka sokoni Kwa Mrombo na mkoba wa ngozi wa mtumba, wa kubebea kamera. Kamera yake, ile ya kisasa anayojifunzia kazi, ilikuwa inalala kwenye mfuko wa nailoni kama vitunguu. Akauweka mkoba mezani kwangu hapa Moshono, akaufungua, na harufu ikatoka: ngozi kuukuu iliyonyeshewa, ikakauka, ikanyeshewa tena. Nilikuwa nachambua maharage. Mkono ukasimama wenyewe.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Zipo harufu ukizinusa unarudi kuwa mtoto mwenye pengo, unasimama mlangoni kwa watu unasubiri kutumwa.

"Bibi, umeumwa na mdudu?" Nasieku akaniuliza.

"Hapana. Endelea na mambo yako."

Mambo yake yalikuwa mabaya siku hiyo. Alikuwa amepiga picha za kipaimara cha binti wa jirani na zote zimetoka nyeusi. Mwalimu wake anaishi ndani ya simu, ni kijana anayeongea haraka kama anafukuzwa na mbwa. "Alisema jua likiwa kali niweke kumi na sita," mtoto akalalamika. "Nimeweka. Ona sasa, watu hawana nyuso."

"Uliwasimamisha wapi?"

"Barazani kwa kanisa. Kivulini, wasiungue na jua."

Nikacheka mpaka maharage yakamwagika. Akakasirika, akadhani namcheka yeye. Kumbe nilikuwa namcheka mtoto mwingine kabisa, mwenye pengo, aliyefanya kosa hilohilo kabla ya mama yake Nasieku kuzaliwa.

Mimi shule niliiacha darasa la nne. Mama alinituma Levolosi kwa dada yake, Mama Mkubwa, nikamsaidie kubeba mtoto mchanga, na huko nikabaki. Mume wake, Baba Mkubwa, alikuwa mpiga picha. Alikuwa na chumba kimoja mbele ya nyumba, na nje juani mahali pa kupigia picha, pazia jeusi nyuma, kiti cha kukalia wateja na taulo la kufutia jasho la wateja. Watu walikuja na nguo zao za Krismasi mwezi wa sita. Wanaume waliazima saa yake ya mkononi ionekane kwenye picha. Saa yenyewe ilikufa zamani, inasema saa nne kasorobo kila siku, na mpaka leo nusu ya wazee wa Levolosi wana picha za ujanani zilizopigwa saa nne kasorobo.

Kila asubuhi Baba Mkubwa alitoka nje na mswaki mdomoni, akatazama upande wa mlima. Akitema povu anatangaza kama mtu wa redio. "Mlima uko wazi. Kumi na sita." Au, "Umejitanda shuka. Nane." Siku za mvua, Mlima Meru ukiwa umepotea kabisa kama haujawahi kuwepo, alisema kwa huzuni, "Haupo. Tano na pointi," kisha akarudi kunywa chai maana wateja nao hawangekuwepo. Halafu akashika kamera, ile ya kwenye mkoba wa ngozi, akazungusha pete ya mbele mpaka kwenye namba aliyoitaja.

Mimi niliona haya yote nikiwa na mtoto mgongoni, nikaelewa nilivyoelewa. Nikajua kwamba mlima ndio unaoamuru kamera. Kanisani tuliambiwa Mungu alisema iwe nuru, ikawa nuru. Mtoto wa Kiarusha anayeamka kila siku anauona mlima ule juu ya paa la kwao atadhani nuru inatoka wapi? Nilidhani mlima unaigawa kidogo kidogo, siku nyingine unainyima, na Baba Mkubwa alipewa kazi ya kusoma namba zake. Sikumuuliza mtu. Kitu unachokijua hukiulizi.

Sasa, yupo Koko. Koko ni bibi kwa lugha yetu, na huyu alikuwa mama yake mama. Alikaa juu, njia ya kwenda mlimani, kwenye shamba la migomba na kahawa na ng'ombe watatu waliokuwa na majina ya wakwe zake aliowachukia. Masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa kizamani, yananing'inia mpaka karibu na mabega, na wachungaji walimsema mpaka wakachoka. "Mungu aliponiita kanisani nilikuja na masikio haya," aliwaambia. "Ndiyo niliyomsikilizia."

Macho yake yalikuwa yanakufa. Yalikufa kwa namna ya ajabu, kuanzia katikati. Ukisimama mbele yake hakuoni, anaona ukungu mahali pa uso wako. Akigeuza kichwa pembeni kama kuku anayechungulia punje, hapo anakupata kidogo kwa pembe ya jicho. Daktari wa misheni alimwambia hata hiyo pembe itafunga.

Siku moja tulipopanda kumpelekea sukari, akamwambia Mama Mkubwa, "Nataka picha."

Mama Mkubwa akashangaa. Koko alikuwa mtu wa kuwacheka wanaopiga picha. "Picha ya nini, mama?"

"Ya kumwona mama yangu."

Mama yake alikufa Koko akiwa mtoto wa kubebwa. Hakumkumbuka hata kidogo. Lakini alipokua, wanawake wazee walikuwa wakimshika kidevu wanasema, huyu kachukua uso mzima wa mama yake, hakumwachia hata nyusi. Walisema hivyo alipokuwa msichana, wakasema alipozaa, mmoja alisema akiwa kitandani anakata roho. Sasa wote wamekwisha.

"Si ujitazame kwenye kioo," Mama Mkubwa akasema.

"Kioo nimejaribu, mjinga wewe. Nikikitazama mbele sioni. Nikigeuka pembeni nimwone, na yeye anageuka pembeni. Tunakimbizana humo ndani. Picha haigeuki. Nitaishika, nitaileta kwenye pembe yangu hii, nitamwona anavyonitazama." Akaigusa pembe ya jicho kwa kidole. "Kabla haijafunga."

Hapo ndipo tatizo lilipokaa. Mpiga picha tuliyemjua ni mmoja, na alikuwa mkwe wake. Nyinyi mnajua heshima ya mama mkwe na mkwe kwetu ilivyokuwa. Baba Mkubwa hakuwahi kukaa chumba kimoja na Koko. Wakikutana njiani mmoja aliingia kwenye migomba. Alipokuja kusalimia alisimama nje ya ua, akakohoa, akaongea na ukuta, na Koko akamjibu kutoka ndani akiongea na chungu. Leo umwambie mwanaume huyo afumbe jicho moja, amkodolee mama mkwe wake jicho lingine kupitia kwenye kioo cha kamera? Koko alisema bora afe bila kumwona mama yake. Na mpiga picha mgeni hakumtaka, alisema hawezi kukaa mbele ya mwanaume asiyejua ukoo wake akimtazama masikio.

Mama Mkubwa alipomweleza mumewe, chai yake ikapoa mkononi. Kisha akanitazama mimi niliyekuwa nambembeleza mtoto.

"Huyu je?"

"Huyu anaangusha vikombe," Mama Mkubwa akasema.

"Vikombe havina mkanda wa shingoni."

Basi nikaanza kufundishwa kamera. Baba Mkubwa alichukua kibuyu cha maziwa kitupu na kukiweka mezani karibu na kamera. Alisema kamera ni kibuyu, na filamu inakunywa mwanga kama kibuyu kinavyokunywa maziwa. Mdomo ukiwa mpana, kinajaa upesi. Mdomo ukiwa mwembamba, subiri. Kikijaa kupita kiasi kinamwagika, picha inakuwa nyeupe kama uji. Kisipojaa, picha nyeusi. Mdomo ndio ile pete ya mbele yenye namba. "Ila namba zake zina kiburi," alisema. "Kumi na sita ndiyo tundu dogo. Nne ndiyo tundu kubwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Wazungu. Zungusha."

Pete ya pili ilikuwa ya mwendo, muda ambao mdomo unabaki wazi. Hiyo aliiweka kwenye mia na ishirini na tano, akanikataza kuigusa, maana alisema mkono wangu unatetemeka kama wa mlevi. Pete ya tatu ilikuwa ya umbali. Alinipa kamba yenye fundo moja. Ncha moja niishike kwenye kamera, fundo liguse pua ya Koko, na pete ikae pale alipopiga alama kwa rangi ya kucha ya Mama Mkubwa. Nilifanya mazoezi kwa kuku, kwa mtoto, kwa jirani yetu aliyelala mchana barazani mdomo wazi. Bila filamu, hivyo hivyo, kach, kach. Sauti ile ilinikaa kwenye meno. Nilijiona mtu.

"Na tundu niweke ngapi siku hiyo?" nilimuuliza.

"Si unajua? Tazama hali ya mwanga kama ninavyotazama mimi."

Nami nilijua kabisa alichokuwa anatazama.

Siku tuliyopanda, mlima ulikuwa wazi kuliko nilivyowahi kuuona. Ungeweza kuhesabu makorongo yake. Baba Mkubwa alitusindikiza mpaka njia panda, akajikalia kwenye jiwe na kutugeuzia mgongo. Koko alikuwa amejipaka mafuta mpaka anang'aa. Alivaa shanga zake nyeupe zote na alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pake, ndani ya kivuli cha migomba, mahali anapokaa siku zote, pa baridi na pa giza kama tumboni. Nikanyoosha kamba. Fundo likagusa pua yake, akapiga chafya. Nikageuka, nikautazama mlima juu ya majani ya migomba. Uko wazi. Nikazungusha pete mpaka kumi na sita, kwa adabu zote.

"Unautazama nini huko nyuma?" Koko akauliza.

"Nauliza ruhusa."

Hakuniuliza zaidi. Alidhani hivyo ndivyo kazi ilivyo. Kach.

Chumba cha kusafishia picha kilikuwa stoo ya mkaa, na taa nyekundu. Filamu ilipoisha, Baba Mkubwa aliweka karatasi kwenye sinia la dawa, kisha akakumbuka kitu, akaganda. Uso wa mama mkwe wake ulikuwa unakaribia kutokea mbele yake. Akageukia ukutani, paji la uso kwenye gunia.

"Angalia wewe," akasema. "Uso ukikolea uniambie, nitakuambia la kufanya."

Nikainama. Karatasi nyeupe ikaanza kupata moshi. Likatokea jani la mgomba. Zikatokea shanga nyeupe, zimejipanga hewani bila shingo. Kisha giza likaja kutoka pande zote na kukaa.

"Umekolea?"

"Imetoka migomba, Baba."

"Na mtu?"

"Mtu hayupo."

Akageuka kidogo kidogo, akachungulia kwa kufichia macho na vidole, kisha akashusha mkono. "Hapa hakuna mkwe. Naweza kutazama." Akatazama. Akajaribu tena na karatasi nyingine, akapunguza muda, giza likawa la kijivu badala ya jeusi, mtu bado hayupo. Akaniuliza niliweka ngapi, nikamwambia. Akaniuliza nilitazama nini, nikamwambia.

Nilisubiri kofi. Akanishika mkono, akanitoa nje mpaka katikati ya barabara, juani. "Nyoosha kiganja. Unakionaje?" Kilikuwa kinawaka, kila mstari unaonekana. Akanivuta mpaka chini ya paa la jirani, ukutani. "Sasa je?" Kiganja kikawa kimezimika, kama cha mtu mwingine.

"Mlima ni uleule?"

"Ni uleule."

"Mimi nautazama kwa sababu wateja wangu wanasimama nje, chini ya jua moja na mlima. Mkwe wangu alikaa wapi?"

"Mlangoni."

"Basi ulichukua namba ya mlima ukampa mkwe wangu. Mwanga anaotumia mtu ni ule uliomfikia usoni. Peleka kiganja chako pale penye uso wake, ukisome. Mlima uache ujishughulikie."

Kwangu ilikuwa kama kuambiwa kuku ndiye anayemlisha mtu. Nilitembea siku nzima nikikitazama kiganja, chini ya meza, ndani ya sufuria, nyuma ya masikio ya mtoto. Mwanga ulikuwa mahali pote na kila mahali ulikuwa mwingine.

Tulimpelekea Koko picha ile nyeusi maana alisema anaitaka hata kama imeharibika. Akaishika, akaipeleka kwenye pembe ya jicho, akazungusha kichwa. Mama Mkubwa aling'ata kucha. Kisha Koko akaanza kucheka, kicheko cha kutikisa shanga.

"Sasa mmejua," akasema. "Hivi ndivyo ninavyowaona nyinyi." Akaipitisha kwa majirani wawili waliokuja. "Tazameni, haya ni macho yangu, mtoto ameyapiga picha." Halafu akanivuta karibu na kicheko kikaisha. "Rudia. Pembe inafunga. Jana nimemsalimia ng'ombe nikidhani ni mama yako."

Mara ya pili mvua zilikuwa zimeanza, mlima haupo. Nilimwomba Koko atoke kwenye migomba akae uwanjani mbele ya zizi. Alilalamika matope, akatoka. Nikapeleka kiganja mbele ya uso wake, nikakisoma. Kilikuwa kimetulia, cha kijivu, mistari yote ipo lakini haipigi kelele. Nikaweka tano na pointi. Nikanyoosha kamba. Sikugeuka nyuma hata mara moja.

Mnakumbuka filamu zilivyokuwa. Haisafishwi mpaka iishe, na wakati wa mvua nani anapiga picha? Koko wangu alikaa ndani ya kamera ile, amejikunja kwenye giza, anasubiri watu wa Levolosi wavae viatu. Nilisimama mlangoni nikiwaita wapita njia kama muuza nyanya. Na kila asubuhi mama muuza maziwa alishuka kutoka juu na vibuyu vyake na salamu ileile: "Bibi yako anauliza, mama yake amekwama wapi?" Siku nyingine akaongeza, "Leo alijikwaa kwenye kigoda chake mwenyewe."

Siku hiyo Baba Mkubwa alisimama, akachukua kamera, akaniambia nisimame pale pale nilipo na mtoto mgongoni. Kach. Akanigeuza. Kach. Akampiga picha jirani aliyelala, akapiga gunia la mkaa, akapiga saa yake iliyokufa. Akamaliza filamu nzima hivyo, mtu ambaye alikuwa akigombana na wateja wanaopepesa macho. "Twende stoo," akasema.

Akaweka paji lake kwenye gunia. Mimi nikainama juu ya sinia. Yalianza masikio, yale masikio marefu yakaja yenyewe kwanza kama mtu anayefungua mlango. Kisha mdomo. Kisha mistari ya paji, kisha macho yakitazama moja kwa moja mbele, macho yasiyoniona, yananitazama.

"Umekolea?" akauliza ukutani.

Nikamgusa mgongo. Akaelewa. "Itoe sasa, uitie kwenye sinia la pili. Polepole."

Tulipanda mvua ikinyesha. Koko aliipokea kwa mikono miwili, akatoka nayo mpaka mlangoni penye mwanga. Akaipeleka pembeni kabisa mwa jicho, karibu na sikio, mahali ambapo palikuwa pamebaki upenyo. Akageuza kichwa. Akarudisha. Akageuza tena. Mvua inapiga migomba.

"Amezeeka," akasema.

Mama Mkubwa akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

"Mama yangu amezeeka," Koko akasema tena, taratibu. "Walisema alikufa msichana. Kumbe angezeeka hivi." Akaigusa picha kwa kidole, pale kwenye mdomo. "Angezeeka vizuri."

Pembe ilifunga kabla mvua hazijaisha. Lakini picha alikaa nayo kifuani, ndani ya shuka, na mgeni akija aliitoa akamwonyesha. "Huyu ni mama yangu." Wageni walidhani akili imeenda. Sisi tulioijua habari tuliiamkia ile picha shikamoo.

Baba Mkubwa hakuiona mpaka siku Koko alipozikwa. Mama Mkubwa alimpa. Alisimama nayo nyuma ya zizi muda mrefu, mwanaume yule mkubwa, anamtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza. Nikamsogelea kusubiri sifa zangu.

"Sikio la kushoto limefifia," akasema. "Kamba ulilegeza." Kisha akajifuta macho na mkono wa shati na kuniwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

Basi nikamwambia Nasieku anyooshe kiganja. Nikampeleka uani juani, nikamrudisha barazani. Alikuwa hodari, alielewa upesi kuliko mimi, na nasema hivyo hata kama ni mjukuu wangu. Akazungusha vitu vyake, siku hizi ni kidole tu kwenye gurudumu dogo. "Kaa hapo hapo Bibi, na maharage yako. Usitabasamu." Akaleta kiganja mbele ya uso wangu, akakisoma, mkono mchanga unaonukia ngozi kuukuu ya mkoba. Kach. Bado zinasema kach.

Akanigeuzia kioo kile kidogo cha nyuma. Masikio hayakuwa ya Koko, yangu mama alikataa yasitobolewe. Lakini mdomo ule niliujua. Niliwahi kuuona unatokea kwenye maji ya dawa, chini ya taa nyekundu.

"Vipi, Bibi? Imetoka vibaya?"

"Imetoka vizuri," nikamwambia. "Hajazeeka zaidi ya pale nilipomwacha."